Maji kwenye Ukuta wa Ma Koku

Tulikuwa tunachambua mchele wa msiba wa shemeji yangu Mashauri, nyumbani kwake Kiseke, pale mzee mmoja wa kanisa aliposhika kipaza sauti na kusema kwamba marehemu alikuwa mtu wa jasho lake, kwamba nyumba ile aliisimamisha kwa mikono yake mwenyewe na hakumdhulumu mtu. Wanawake wenzangu wakaitikia. Mimi niliendelea kutoa vijiwe kwenye ungo. Lakini chini ya turubai la wanaume niliwaona watu wawili wa umri wetu, watu wa mjini wa zamani, wakitazamana kisha wakainamisha macho, na nikajua hasa walichokuwa wanakiwaza. Miaka yote hii bado walikuwa wanakiwaza. Nikageuka kumtafuta dada yangu Leokadia, mke wa marehemu, aliyekuwa amekaa mlangoni amejifunika kitenge. Alikuwa amesikia kama nilivyosikia mimi. Uso wake haukuonyesha kitu, na uso huo naufahamu tangu mwaka ule nilioishi naye katika nyumba ya ghorofa moja nyuma ya soko kuu la Mwanza. Ndio mwaka ninaotaka kuueleza hapa, maana yule mzee wa kanisa alisema kweli, na wale wawili walikuwa wamekosea, lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyejua ni kwa nini.

Habari za wazazi wetu na kijiji tulichotoka nitaziacha, hazina kazi katika jambo hili. Inatosha kusema nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, nikawa nasubiri kupangiwa shule, na kusubiri kukawa kurefu kuliko tulivyoambiwa. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila kitu kinafunguliwa na kila kitu kinauzwa. Viwanda vya minofu vilikuwa vimejipanga ufukweni, ndege zinabeba sangara kwenda Ulaya, na sisi tuliobaki tunakula mapanki, yaani kichwa na mifupa iliyobaki baada ya minofu kutolewa. Shemeji alikuwa mkata minofu katika kimoja cha viwanda hivyo. Alirudi jioni na mfuko wa mapanki, viganja vyake vyeupe vimejikunja kwa maji ya barafu, anavua viatu chini ya ngazi ili asituletee harufu chumbani, ingawa harufu ilishapanda kabla yake. Dada aliyakaanga mpaka yakakauka, tukala na ugali wa muhogo, na shemeji alitumalizia mifupa kimya kimya. Hakuwa mtu wa maneno. Mtu asiyesema hujazwa maneno na wenzake, na hilo nililiona kwa macho yangu kabla mwaka haujaisha.

Nyumba yenyewe ilijengwa na mfanyabiashara wa Kihindi muda mrefu kabla ya uhuru. Kuta zilikuwa za mawe na udongo, nene kama mkono wangu kutoka begani hadi kwenye kiganja, zimepakwa chokaa juu. Sakafu ya ghorofani ilikuwa ya mbao za mvule, na mbele, juu ya barabara, kulikuwa na roshani ya mbao iliyochongwa maua, imeshikiliwa na vyuma vilivyopindwa kama shingo ya ndege. Juu ya mlango wa barabarani palikuwa na maandishi ya Kigujarati ambayo hakuna kati yetu aliyeweza kuyasoma. Wengine walisema ni jina la mwenye nyumba, wengine dua, na Mzee Magesa wa chini alishikilia kwamba ni laana kwa atakayeichukua. Serikali ilikuwa imeichukua zamani, na shirika fulani la umma ndilo lililokuwa likitupangisha. Duka la chini lilikuwa limefungwa. Siku moja tulikuta limewekwa kufuli jipya, la kung'aa, na hakuna aliyejua nani kaliweka. Tangu siku ile kila mtu aliyepita pale alilitazama lile kufuli kama mtu anavyomtazama mbwa asiyemfahamu.

Tulikuwa nyumba tatu ndani ya nyumba moja. Chini, upande wa uani, alikaa Mzee Magesa na mkewe. Alikuwa Mjita, amestaafu kazi ya meli, na alikuwa na tabia ya kukaa penye kona ambayo angeona nani anaingia na nani anatoka. Ghorofani mbele, kwenye chumba chenye roshani, alikaa Ma Koku, mjane wa Kihaya, nesi mstaafu, mwanamke aliyenyooka ambaye hata kanga ya nyumbani aliipiga pasi. Nyuma yake tulikaa sisi, katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia: dada, shemeji na mtoto wao upande wa dirisha, mimi upande wa mlango. Jiko halikuwepo. Wote wa juu tulipika kwenye kibaraza kidogo penye kichwa cha ngazi, majiko ya mkaa yamesogeleana, kila mama anaijua sufuria yake na anajua imepungua kiasi gani. Dada alikichukia kibaraza kile kuliko kitu chochote duniani. Alipopika nyama aliifunika, na bado Ma Koku alijua ni nyama, na bado mke wa Magesa alipanda ngazi kuomba chumvi. "Siku moja," dada aliniambia tukiwa tunamenya muhogo, "nitapika mahali ambapo hakuna anayenihesabia." Nililichukulia kama neno la mtu aliyechoka.

Mbao za sakafu zilikuwa na nyufa. Sisi tuliwasikia akina Magesa, na akina Magesa walitusikia sisi, kwa hiyo watu wa nyumba ile walizoea kuzungumza kwa sauti ya chini, na sauti ya chini, hata ya mtu anayeuliza chumvi iko wapi, ina namna ya kufanana na siri. Hivyo ndivyo nilivyosikia mara ya kwanza kwamba nyumba inauzwa. Mzee Magesa alikuwa anamwambia mkewe kuwa ameitwa na shirika, na kwamba kuna mwekezaji anaitaka nyumba aibomoe ajenge ghorofa refu la vioo. Wapangaji watakaoondoka kwa hiari watapewa kila mmoja kiwanja kilichopimwa kule Kiseke. Lakini kama wapangaji wote, bila kukosa hata mmoja, watakubaliana kuinunua pamoja, wao ndio watakaopewa nafasi ya kwanza. Mkewe akauliza, na akikataa mmoja? Magesa akamjibu kwamba akikataa mmoja basi imekwisha. Nikalala pale juu ya mkeka na kufikiri kwamba aliyebuni sharti lile aliwafahamu watu vizuri sana.

Yule mwekezaji hatukumwona kamwe. Mzee Magesa alisema ni mke wa mkubwa fulani. Mke wa Magesa alisema ni Mhindi wa Dar es Salaam, mjukuu wa mwenye nyumba, amerudi kuchukua chake kwa mlango wa nyuma. Kiwandani kwa shemeji walisema ni mwenye kiwanda cha samaki. Aliyekuja alikuwa dalali wake, kijana mnene mwenye shati la mikono mifupi, mkarimu wa maneno, anayesema "dada yangu" kwa kila mwanamke na kukaa kwenye ngazi zetu kana kwamba ni ndugu aliyetoka safari. Hata leo sijui ni nani aliyeinunua nyumba ile. Nimekaa na kuliona jengo lake kwa miaka mingi, na nikipita hapo huwa napita upande wa pili wa barabara.

Kiangazi akaja mtu mwingine. Aliitwa Festo, alikuwa na kamera shingoni na futi ya kamba, akajitambulisha kuwa anatoka idara inayohusika na majengo ya kale. Alitaka kuipima nyumba. Hakuna aliyemwamini. Mzee Magesa alimuuliza ni idara gani inayomlipa mtu kupiga picha misumari, na Festo, badala ya kukasirika, akamweleza kwamba misumari ile ilifuliwa kwa mkono. Hilo lilizidisha mashaka. Tulikutana sebuleni kwa Magesa, watu wazima wote wa nyumba, na Festo akatueleza kwamba akikamilisha kazi yake nyumba inaweza kuingizwa kwenye majengo yanayolindwa, na ikishaingizwa hakuna mwekezaji atakayeibomoa. Ma Koku alifurahi mpaka akatoa ndizi zake za kupika, zile za Bukoba, akampa. Alikuwa ameishi penye roshani ile tangu alipokuwa nesi kijana, mume wake alifia katika chumba kile, na aliwahi kuniambia kwamba kila asubuhi akifungua dirisha na kuliona ziwa kati ya paa na paa anajua yuko wapi. Mzee Magesa hakufurahi. Alitaka kujua, nyumba ikishakuwa ya historia, mpangaji anakuwa nani ndani yake, mwenye nyumba au mlinzi wa makumbusho.

Ndipo shemeji akauliza swali lake la pekee siku ile. Aliuliza kama wakiinunua, na ikawa inalindwa, wataweza kujenga jiko uani. Festo alifikiri, akasema hapana, si kwa urahisi. Lazima kuomba, na sura ya nyumba isiguswe, na hata ukarabati lazima uwe wa chokaa na mbao za aina ile ile. Shemeji akaitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na dada. Nakumbuka tu kwamba alimpakata mtoto wake kwa nguvu zaidi, mtoto akalia kidogo, akamhamishia goti la pili. Leo nikirudi kwenye kikao kile naona kwamba kila mmoja wetu alikuwa anaitetea nyumba tofauti. Ma Koku aliitaka ile iliyokuwepo. Mzee Magesa alitaka hati yenye jina lake, iwe ya nyumba gani hakujali. Festo alitaka kuta na misumari. Na dada yangu alitaka jiko ambalo halijajengwa bado, kwenye kiwanja ambacho hajakiona.

Wakakubaliana, hata hivyo. Au walisema wamekubaliana. Wote watatu walisema ndiyo kununua, na kuanzia siku ile kila mmoja akaanza kumchunguza mwenzake kujua ndiyo ya nani ni ya uongo. Mvua za kwanza ziliponyesha, Mzee Magesa alisema amemwona Mashauri akipanda gari la dalali kule Usagara, penye njia panda. Alimwambia mkewe, mkewe akamwambia Ma Koku, na mimi nikalisikia likipanda kupitia nyufa za mbao. Shemeji hakueleza alikwenda Usagara kufanya nini. Nilimsubiri aeleze wakati wa kula, nikamwona anachota ugali, anachovya mchuzi, anatafuna. Nikaanza na mimi kumtazama kwa jicho lile lile. Alikuwa na tabia mpya. Akirudi kazini, kabla ya kupanda ngazi, alikwenda kwenye kona ya uani, akaweka kiganja ukutani na kukaa hivyo, kama mtu anayemgusa mgonjwa paji la uso. Nilijiuliza anatafuta nini pale.

Mvua za vuli zilipokolea, Ma Koku akaniita chumbani kwake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama, akanionyesha ukuta wa upande wa kitanda. Palikuwa na doa la unyevu, kubwa kama sinia. Alikuwa amelizungushia mstari wa penseli, na nje ya mstari huo mwingine, na mwingine. Aliniambia kwamba wodini ndivyo walivyofuatilia uvimbe wa mgonjwa, unachora ukingo wake leo, kesho unaona umefika wapi. Doa lilikuwa limeivuka mistari yote aliyochora. Nilimuuliza kama amemwambia mtu. Akasema amwambie nani? Akimwambia Festo, atasema nyumba inataka ukarabati ambao hawauwezi. Akimwambia Magesa, atasema ni Mashauri. Akimwambia Mashauri, na kama kweli ni Mashauri? Kisha akanitazama, na nikaelewa kuwa anapima pia kama nitalipeleka neno kwa shemeji yangu. Sikulipeleka kwa mtu. Nilirudi upande wetu nikamkuta dada anakoroga michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa karanga, akaniuliza Ma Koku alitaka nini. Nikamwambia alitaka kujua kama nimepata barua ya kazi. Akasema Ma Koku anauliza sana, na kwamba mimi nimwangalie Magesa, maana mtu anayeona wengine tu huwa ana lake la kuficha.

Mzee Magesa naye alikuwa na lake la kusema. Siku moja mvua imekatika alimsimamisha shemeji chini ya ngazi, mimi nikiwa juu ninafua. Alisema kwa lafudhi yake ya Kijita, iliyokuwa ikibadilisha herufi pale alipohamaki. "Nyumba hii inariwa kutoka ndani, Mashauri. Na wewe unajua anayeikula." Shemeji alishusha chini mfuko wake wa mapanki. Akajibu kwamba maji yanatoka mahali fulani na yeye bado hajajua wapi. Siku chache baadaye akaleta mirunda kwa mkokoteni, miti mirefu iliyonyooka, akaanza kuitegemeza kwenye kona ya ukuta. Ndiyo aliyokuwa amekwenda kuiagiza Usagara, na dalali alikuwa amempa lifti tu wakati wa kurudi. Lakini wakati huo hatukulijua hilo. Magesa alipoona mirunda alisema huyo anajifanya anashikilia anachokisukuma, na mimi, naandika hapa kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, nilidhani Magesa ana akili.

Ukuta ulianguka siku ya Jumapili, watu wako kanisani. Mimi nilikuwa nimebaki na mtoto wa dada aliyekuwa na homa. Kwanza nilisikia kama gunia la mahindi linaburutwa, kisha sauti ambayo sikuisikia kwa masikio bali kwa miguu, kupitia zile mbao. Vumbi la chokaa likaingia chini ya mlango kama moshi. Nilimbeba mtoto nikashuka ngazi bila kuzihisi. Nilipotazama juu kutoka uani niliona anga mahali palipokuwa na kona ya chumba cha Ma Koku, na kitanda chake kimejaa mawe, na picha ya mume wake bado inaning'inia kwenye ukuta wa pili, haijapinda. Aliporudi kutoka misa akiwa na kitabu chake cha nyimbo mkononi, watu walikuwa wamejaa barabarani. Alipenya katikati yao, akasimama, akakitazama kitanda. Angekuwa na homa yeye badala ya mtoto, angekuwa chini ya mawe yale. Kila mtu aliliona hilo.

Festo alikuja kesho yake, akapanda, akapima, akashuka. Tukakutana tena sebuleni kwa Magesa, safari hii na Ma Koku amekaa kwenye kiti cha kuazima, amevaa nguo za kuazima. Festo alisema ukuta wa mawe na udongo unaweza kusimama miaka mia kama hauingiwi na maji, na huu uliingiwa na maji tangu mvua za kwanza. Bomba la kushushia maji ya mvua kutoka kwenye paa, lile linalopita kando ya kibaraza cha kupikia, lilikuwa limezibwa. Maji hayakupata njia, yakawa yanamwagika kwenye kiungo na kuingia ukutani, usiku na mchana. Si majani yaliyoliziba. Akatoa kwenye mfuko kitambaa kilicholowa, kimefungamana kama kamba, akakikunjua mezani. Kilikuwa kipande cha kitenge cha kijani chenye samaki wa njano. Nilikitambua kabla hajamaliza kukikunjua. Nilikuwa nimemshonea dada sketi ya kitenge hicho kwa mkono wangu, na kipande kilichobaki nilikuwa nimekitafuta ili nimshonee mtoto kofia, dada akaniambia labda panya wamekichukua.

Sikumtazama dada. Nilimtazama shemeji, kama walivyomtazama wote, maana macho ya chumba kizima yalikuwa yamemsubiri kwa miezi. Yeye alikuwa anakitazama kitenge. Niliona, na naamini ni mimi peke yangu niliyeona, jinsi kilivyomfikia polepole: kwanza hakukielewa, kisha akakielewa, kisha kitu fulani usoni mwake kikakaa chini. Mzee Magesa alikuwa ameshafungua mdomo. Shemeji akamtangulia.

"Ni mimi," alisema. "Nilikitia mimi."

Ma Koku alimuuliza kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitumia kumuuliza mgonjwa anaumwa wapi. "Ungeniambia nihame, Mashauri. Ungeshindwa nini kuniambia?" Shemeji akasema, nisamehe, Ma. Ma Koku aliinuka, akanyoosha gauni lisilo lake, akatoka, na kwa muda wote wa maisha ya shemeji hakumwambia neno lingine.

Jioni ile, dada anawasha mkaa kibarazani na mimi niko nyuma ya pazia ninambembeleza mtoto, shemeji alikuja akasimama karibu naye. Walizungumza kwa ile sauti yetu ya chini. Alimuuliza kwa nini hakumwambia. Dada akasema, ungenikataza. Akasema, ndiyo, ningekukataza. Kisha dada akaanza kueleza haraka haraka, kwamba dalali alimwambia maji yatamaliza mambo yote bila mtu kuguswa, nyumba itaonekana mbovu, manispaa itasema tokeni, kila mtu atapata kiwanja chake, Ma Koku pia, na kwamba hakufikiri ukuta wenyewe utaanguka, alifikiri utafanya ufa tu. Shemeji alimwacha amalize. "Sasa utapata jiko lako," alisema. Hakulisema kwa uchungu, na sijui kama hilo lilikuwa afadhali.

Mambo yaliyobaki yalikwenda upesi. Manispaa waliweka alama ya X nyekundu kwenye mlango, chini ya yale maandishi yasiyosomeka. Idara ya Festo ikasema jengo limeharibika mno, halifai tena kulindwa. Siku ya kubomoa alikuja akasimama barabarani na kamera yake, akapiga picha mpaka filamu ikamwishia, na nilipomsalimia alisema tu kwamba mbao za roshani zilikuwa zimepakiwa kwenye lori alfajiri kabla hajafika, na kila anayemuuliza zimepelekwa wapi anamtuma kwa mwingine. Mzee Magesa alipata kiwanja chake kwenye mwamba, akakiuza akarudi Majita. Sisi tulipata chetu kwenye kona, karibu na barabara, udongo mzuri. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini chetu kilikuwa kizuri kuliko vingine. Dada sikumuuliza. Ma Koku alikikataa cha kwake, akaenda kupanga chumba Igogo kwa mpwa wake, na watu walioniambia habari zake walisema dirisha la chumba hicho linatazama ukuta wa jirani.

Barua yangu ya kazi ilikuja mwisho wa mwaka, nikapangiwa shule ng'ambo ya ghuba. Kabla ya kuondoka nilikwenda Kiseke kumsaidia shemeji kusogeza tofali. Wakati ule palikuwa pori, mawe na vichaka, maji yanafuatwa mbali, na yeye alikuwa anaendesha baiskeli kila siku hadi kiwandani, ambako wenzake walikuwa wamempa jina la Mbomoaji. Alianza na jiko. Kabla ya chumba cha kulala, kabla ya choo cha kudumu, alijenga jiko lenye dirisha na mlango unaofungwa. Nilimuuliza tukiwa wawili tu, nikimpa tofali mkononi, kwa nini alisema ni yeye. Aliipanga tofali, akaipima kwa uzi, akaigonga.

"Mimi nilikuwa nimeshashukiwa, Tedi," alisema. "Yeye alikuwa bado."

Nimefundisha watoto wengi tangu siku ile, na nimesikia watu wengi wakieleza upendo ni nini. Sina hakika kama lile lilikuwa jibu la upendo au hesabu ya mtu aliyezoea kupata hasara ndogo badala ya kubwa. Najua kwamba dada alipika katika jiko lile miaka yote hii na hakumruhusu mwanamke mwingine kuingia, hata mimi, hata wakwe zake. Najua pia kwamba kila alipomwandalia mume wake chakula alisimama mpaka aonje, kama anayesubiri aambiwe kitu, na shemeji akaonja, akatafuna, na hakumwambia.

Tulimzika pale pale kiwanjani, kwenye kona aliyoichagua. Watu walikuwa wameanza kutawanyika, sufuria zinaoshwa, pale bajaji iliposimama barabarani na binti mmoja akamteremsha bibi kizee aliyenyooka bado, kanga imepigwa pasi. Nilimtambua kabla hajainua uso. Nilikwenda nikamwamkia, akaniitikia, akauliza kama mimi ni yule mwalimu. Tukamkalisha karibu na dada. Alimpa pole, akamshika mkono, kisha akasema waziwazi, kwa sauti ya watu wasiosikia vizuri, kwamba amekuja kwa ajili yake, hakuja kwa ajili ya marehemu, maana yeye na marehemu walimalizana siku ile.

Dada alikuwa na kikombe cha chai mkononi, alichokuwa anataka kumpa. Akakiweka chini.

"Si yeye, Ma Koku," alisema. "Kitambaa kilikuwa changu. Nilikitia mimi."

Ma Koku aliinamisha sikio. Akasema hajasikia. Wanawake waliokuwa wanaosha vyombo waliinua vichwa, na wale wazee wawili wa mjini, ambao hawakuwa wameondoka, waligeuka kwenye viti vyao. Nilidhani dada ataliacha lipite, angeweza kusema chochote, angeweza kusema nilikuwa nasema karibu chai. Alilirudia kwa sauti kubwa, neno kwa neno, mpaka la mwisho.

Bibi yule aliinua uso akamtazama. Sikuweza kusoma uso wake, na sitajifanya kwamba niliweza. Hakumsamehe dada, wala hakumlaani. Alitafuta fimbo yake, akanyoosha mkono, si kwa dada bali kwangu.

"Niinue," alisema. "Nataka kuona alipolala."

Tulimpeleka, mimi upande mmoja na yule binti upande mwingine. Alisimama mbele ya udongo mbichi, midomo yake ikitembea bila sauti, na dada alikuwa nyuma yetu mbali kidogo, hasogei. Mwenye bajaji alipiga honi. Binti akamwambia bibi kwamba gari linasubiri. Honi ikapigwa tena. Ma Koku hakugeuka.

"Mwache asubiri," alisema.